Neno Nililomfundisha Mama

  



Ramadhani iliyopita nilirudi nyumbani Buyenzi, Bujumbura, nikiwa na spika ndogo niliyoinunua kwa pesa nilizobana katika matumizi ya chuo. Mchana niliizima kwa heshima ya mwezi. Baada ya tarawehe niliifungulia uani, wenzangu wakija kunywa chai na kusikiliza. Nyimbo zilikuwa za Marekani, na nyumbani kwetu hakuna anayejua Kiingereza isipokuwa mimi. Mdogo wangu, binti wa miaka tisa, akashika neno moja. Lilikuwa linarudi karibu kila mstari, na nadhani lilimkaa vizuri mdomoni. Akaanza kuwaitia rafiki zake. Mama alikuwa anachambua mchele, akaniuliza huyu mtoto anasema nini. Nikamjibu bila kufikiri kwamba ni kama kusema "mwenzangu".

Neno lenyewe sitaliandika katika jarida hili. Mnalijua. Maana yake ya asili ni mbwa jike, na katika nyimbo hizo maana yake ni mwanamke.

Siku tatu baadaye, jioni, jirani yetu alipita mlangoni. Ni mama wa makamo, amelea nusu ya watoto wa mtaa wetu, na ndiye aliyenifundisha alifu na be. Mama akamwita kwa neno lile. Alilitamka kwa lafudhi yetu, kwa uchangamfu, kama mtu anayetoa zawadi mpya. Jirani akacheka, akaitikia, akaingia. Mimi nilikuwa nimeshika sinia ya tende. Sikusema kitu.

Nimekuwa nikisoma tangu siku ile. Mengine nilikuwa ninayajua kwa ajili ya mtihani tu, na mengine sikuwahi kuyatafuta. Naomba mnivumilie, maana sikuja kufungua mlango wa hukumu ya muziki. Wanavyuoni wamelijadili jambo hilo karne kwa karne, na makala zake hazikosekani katika jarida letu. Nazungumzia neno moja, na wanawake waliobebeshwa.

Katika Sahih al-Bukhari, Kitabu cha Imani, al-Ma'rur bin Suwayd anasimulia kuwa alikutana na Abu Dharr al-Ghifari (r.a.) huko Rabadha. Abu Dharr alikuwa amevaa vazi zuri, na mtumwa wake amevaa vazi kama hilo hilo. Al-Ma'rur akauliza sababu. Aliuliza habari za nguo, akajibiwa habari za tusi. Abu Dharr akasema kwamba aliwahi kutupiana maneno na mtu, akamwaibisha kwa mama yake. Katika Kitabu cha Adabu anaongeza kuwa mama huyo hakuwa Mwarabu, naye akamsema vibaya. Habari ikamfikia Mtume (s.a.w.), naye akamwuliza Abu Dharr kama ni kweli amemwaibisha mtu yule kwa mama yake. Katika riwaya ya Muslim, Abu Dharr anajitetea: anayewatukana watu, nao humtukania baba yake na mama yake. Yaani ugomvi ndivyo ulivyo, Mtume wa Allah, kila mtu hufanya hivyo. Utetezi huo haukupokelewa. Aliambiwa kwamba yeye ni mtu ambaye ndani yake bado umo ujahilia. Kisha akaelezwa kuwa hao walio chini ya mikono yetu ni ndugu zetu, wale tunachokula na wavae tunachovaa. Ndiyo maana ya lile vazi.

Bukhari hakumtaja aliyetukanwa. Riwaya zilizo nje ya Bukhari zinasema alikuwa Bilal, na kwamba tusi lilikuwa kumwita mwana wa mwanamke mweusi. Masheikh wetu hupenda kuongeza kwamba Abu Dharr aliulaza uso wake mchangani ili Bilal alikanyage shavu lake. Kisa hicho huwaliza watu misikitini, lakini sanadi yake haifikii ile ya Bukhari, nami sitajenga juu yake. Kilichothibiti kinatosha.

Tazameni tusi lilipita njia gani. Ugomvi ulikuwa wa wanaume wawili. Mwanamke hakuwepo. Vitabu vya sira vinamtaja mama yake Bilal kwa jina la Hamama, mtumwa wa Kihabeshi pale Makka, na zaidi ya hapo havisemi mengi. Hakugombana na mtu. Lakini uanamke wake, weusi wake na utumwa wake viliokotwa njiani kama jiwe, vikarushwa kumpiga mwanawe. Na katika riwaya hizi Abu Dharr haulizwi nani alianza ugomvi. Anaulizwa juu ya mama.

Nilipofika hapo nikajiuliza juu ya lile neno la spika yangu, limetoka wapi.

Ni neno la kale kuliko Marekani yenyewe. Waingereza wamewaita nalo wanawake kwa zaidi ya miaka 500. Mwaka 1785 Francis Grose alitoa London kamusi ya lugha ya mitaani, na humo akaeleza kuwa hilo ndilo tusi linalomuudhi mwanamke wa Kiingereza kupita yote, kupita hata kuitwa kahaba. Nadhani naelewa kwa nini. Anayeitwa kahaba bado anahesabiwa kuwa mtu, ingawa mtu mwenye dhambi. Mbwa jike hana hata dhambi. Ni mnyama, na thamani yake ni watoto atakaozaa.

Kwa mwanamke wa London hilo lilikuwa tusi. Kwa mwanamke mweusi aliyevushwa bahari lilikuwa sheria iliyoandikwa. Mwaka 1662 koloni la Virginia lilipitisha kwamba mtoto atafuata hali ya mama yake. Mila ya Waingereza wenyewe ilikuwa mtoto kumfuata baba. Waliigeuza kwa ajili ya wanawake hawa tu. Mama akiwa mtumwa, mtoto ni mtumwa, hata kama baba ni bwana mwenye shamba. Fikirini maana yake kwa bwana huyo: anaweza kumwingilia mwanamke asiye na uwezo wa kukataa, kisha akamwandika mtoto wake mwenyewe katika daftari la mali. Na katika madaftari hayo watu waliorodheshwa kwa bei zao pamoja na ng'ombe na farasi. Kuanzia tarehe 1 Januari 1808 Marekani ilipiga marufuku kuingiza watumwa kutoka nje, lakini biashara ya ndani ikaendelea, na tumbo la mwanamke mweusi likawa ndilo shamba. Mwaka 1859 mahakama ya juu ya Mississippi ilifuta hukumu ya mtu aliyeshitakiwa kwa kumbaka msichana mtumwa wa chini ya miaka kumi. Hoja ilikuwa kwamba sheria iliyokuwepo haikumhesabu mtoto kama yule.

Msidhani kuwa wanawake hao walikuwa wa watu wengine. Katika kisiwa cha Sapelo, jimbo la Georgia, mwanzoni mwa karne ya 19, kulikuwa na Mwislamu wa Afrika Magharibi, mtumwa katika shamba la Thomas Spalding. Jina lake Bilali. Aliacha kijitabu cha mkono kwa Kiarabu, chenye mambo ya fiqhi ya Kimaliki, na bado kimehifadhiwa. Alikuwa na mabinti kadhaa, na miongoni mwao mmoja aliitwa Medina, mwingine Fatima. Katika miaka ya 1930 wazee wa kisiwa hicho waliwasimulia waandishi waliofika kukusanya habari jinsi Bilali na mkewe Phoebe walivyokuwa wakisali na kuvuta tasbihi. Mmoja alikumbuka bibi yake akitengeneza vimikate vya mchele na kuwagawia watoto. Vimikate hivyo viliitwa saraka.

Lirudieni neno hilo polepole. Ni sadaka. Ni ile ile ya bibi zetu, imevuka bahari ndani ya tumbo la jahazi la watumwa, ikabaki mikononi mwa wanawake baada ya karibu kila kitu kingine kunyang'anywa. Na Medina na Fatima, mbele ya sheria ya nchi ile, walikuwa mali yenye kuzaa.

Sasa muziki. Rap ilianza mwaka 1973 katika mtaa wa Bronx, New York, kwenye sherehe za vijana maskini, weusi na wenye asili ya Kilatino. Miaka ya mwanzo ilikuwa ya kucheza, kujisifu na kusema hali ya mtaa. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980, hasa kwa makundi ya upande wa Los Angeles kama N.W.A., neno la mbwa jike lilikuwa limekwisha kuwa jina la kawaida la mwanamke. N.W.A. walitoa wimbo mzima ambao kichwa chake kina neno hilo mara mbili. Waliolitamka walikuwa wajukuu na vitukuu vya wanawake walioandikwa kwenye yale madaftari. Hapa ndipo panaponiuma. Tusi la bwana wa shamba lilipotea njia, likarudi nyumbani kwa mdomo wa mwana.

Tena halikuwa la bure. Kampuni kubwa za muziki ziliona kwamba linauza. Bibi mmoja, C. Delores Tucker, aliyewahi kuandamana pamoja na Martin Luther King na kuwa waziri katika serikali ya jimbo la Pennsylvania, aliliona hilo mapema. Kuanzia mwaka 1993 alisimama mbele ya maduka ya kanda na mbele ya Bunge akipinga. Mwaka 1995 alikwenda kwenye mkutano wa wanahisa wa Time Warner akawaambia usoni kuwa wanakula fedha za kuwadhalilisha wanawake weusi. Alipata nini? Mwaka uliofuata Tupac Shakur alimtaja kwa jina ndani ya wimbo na kumtukana. Mwanamke mweusi wa umri wa bibi yake.

Wengi wetu tunampenda Tupac, nami sijifanyi kuwa nje. Ni Tupac huyo huyo ambaye mwaka 1995 alimwimbia mama yake, Afeni, wimbo wa shukrani ambao vijana wa dunia nzima wameuhifadhi. Simwiti mnafiki. Nadhani alimpenda mama yake kwa dhati. Tatizo ni lile la Abu Dharr: mama yangu ni mama, na mama wa mwenzangu ni jiwe la kurusha.

Lakini historia hii si ya wanaume peke yao, na nisipowataja wanawake waliojibu nitakuwa nimefanya kosa lile lile la kuwazungumza kama hawapo. Msichana mmoja wa New Jersey, Dana Owens, alipokuwa na umri wa miaka minane alifungua kitabu cha majina ya Kiarabu akajichagulia jina: Latifah. Lenye upole, lenye wema. Si Mwislamu, lakini jina lile linatoka kwenye mzizi wa jina la Mola wetu, al-Latif. Akaongeza Queen mbele yake. Mwaka 1993 Queen Latifah akatoa wimbo wa "U.N.I.T.Y.", ambao ndani yake anawauliza wanaume wanaomwita mbwa jike wanadhani wanazungumza na nani, kisha anaeleza kunyanyaswa barabarani na kupigwa nyumbani. Wimbo huo ulipewa tuzo ya Grammy mwaka 1995. Kila ninapowaza juu ya mtoto yule wa miaka minane na kitabu cha majina, nakumbuka hadithi ya Ibn Umar katika Sahih Muslim: binti wa Umar aliitwa Asiya kwa ayn, yaani muasi, naye Mtume (s.a.w.) akalibadili jina lake, akawa Jamila. Jina si kitu kidogo katika dini yetu. Sunna inamwondolea mwanamke jina baya hata kama alipewa na wazazi wake.

Mwaka 2004 walisimama wanafunzi, watu wa rika letu. Chuo cha Spelman kiko Atlanta, ni chuo cha wanawake weusi. Rapa Nelly alitarajiwa kufika hapo kwa kampeni ya kutafuta watu wa kujitolea uboho, kwa sababu dada yake alikuwa na saratani ya damu. Wakati huo huo ilikuwa inaonyeshwa video yake ambayo ndani yake mwanamume anapitisha kadi ya benki kwenye makalio ya mwanamke, kama mwenye duka. Wanafunzi walisema wataipokea kampeni, lakini na yeye aje azungumze nao juu ya video ile. Hakukubali, na shughuli ikavunjika. Dada yake alifariki mwaka 2005. Lawama zilikuwa nyingi, na sidhani kuwa wale wasichana walilala vizuri. Nimejaribu kujiweka mahali pao, nimeshindwa kuamua ningefanya nini. Najua tu kwamba kaka yule alikuwa anamtafutia dada yake uhai miongoni mwa wanawake wale wale aliowapitishia kadi.

Sasa nakuja kwenye hoja ambayo niliisikia hosteli kwetu, tena kwa dada mmoja mwenye akili kunizidi. Alisema: mbona wanawake wenyewe wamelichukua neno hilo wakalifanya taji? Kweli. Lil' Kim mwaka 1996 alijiita malkia kwa neno hilo hilo. Missy Elliott mwaka 1999 aliliweka kwenye jina la wimbo wake. Siku hizi marafiki wa kike huitana nalo kwa mapenzi, kama mama yangu na jirani yake, tofauti ni kwamba wao wanajua maana. Na hoja hii ina mguu katika fiqhi. Aya ya 11 ya Sura al-Hujurat inakataza kuitana kwa majina ya kejeli, lakini wanavyuoni wanasema makatazo ni kwa lile jina ambalo mwenyewe analichukia. Abu Daud na Tirmidhi wamepokea kwamba aya ilishuka kwa Banu Salima, ambao kila mtu wao alikuwa na majina mawili matatu, Mtume (s.a.w.) alipomwita mtu kwa mojawapo, akaambiwa kwamba huyu hukasirishwa na jina hilo. Kwa upande mwingine, Sayyidna Ali (r.a.) aliitwa Abu Turab, baba wa vumbi, na halikuwepo jina alilolipenda zaidi, kwa kuwa alipewa kwa upole na Mtume mwenyewe. Na katika wapokezi wa hadithi tunao al-A'mash, mwenye macho dhaifu, na al-A'raj, kiguru, na hakuna aliyeona ubaya kuwatambulisha hivyo.

Kwa hiyo nilimwambia dada yule kwamba nusu ya hoja yake naikubali. Mwanamke aliyepigwa kwa fimbo, akaipokonya na kuishika mkononi, mimi si wa kumfundisha adabu ya fimbo. Lakini ridhaa ya laqab ni ya mwenye jina. Abu Turab aliridhia kwa nafsi yake. Lil' Kim hawezi kuridhia kwa niaba ya jirani yetu wa Buyenzi, wala kwa mdogo wangu wa miaka tisa. Neno hili limefungwa kwa jinsia nzima, na katika nyimbo hizi kwa rangi yao na yetu. Yaliyomo katika aya hiyo hiyo ni zaidi ya laqab: kabla ya hapo wanatajwa wanawake peke yao, wasiwadharau wanawake wengine, na kisha tunakatazwa kuzitia ila nafsi zetu. Wafasiri wanasema maana yake ni wenzenu, kwa kuwa waumini ni nafsi moja. Ukimtia ila dada yako umejitia mwenyewe. Hapo dada yule alinyamaza, kisha akasema nitakuwa mwaminifu zaidi nikianza na spika yangu. Alikuwa na haki.

Rapa mwenzetu katika dini, Lupe Fiasco wa Chicago, aliligusa hili mwaka 2012 katika wimbo unaosimulia mtoto wa kiume anayemsikia mama yake akiimba neno hilo akijisifia, na wasichana wadogo wanaolitazama kwenye video. Wanakua na maana mbili tofauti vichwani mwao, halafu wanakutana. Wapo waliomwambia kuwa mwanamume hana kazi ya kuwasomesha wanawake, na mimi ninayeandika haya lawama hiyo naipokea. Ila yule mtoto wa kwenye kiti cha nyuma cha gari namjua. Kwetu ni binti, na gari lilikuwa ua.

Tusijitoe pia kana kwamba matusi ni mali ya Wamarekani. Sisi wa Maziwa Makuu njia ya Ujiji, Tabora hadi Bagamoyo tunaijua, na waliopita humo wakiwa wamefungwa wengi walikuwa wanawake, na miongoni mwa waliowaendesha walikuwapo Waislamu waliokuwa wakisimamisha sala njiani. Hadi leo kwenye ugomvi utamsikia mtu akimwita mwenzake mwana wa mjakazi, na ukitaka kumvunja kijana wa mtaani kwetu humtukani yeye, unamtaja mama yake na sehemu za mwili wake. Hilo tunalifanya kwa Kiswahili safi, wengine tukitoka kusali. Tunapocheza mpira Jumamosi nimehesabu mama wangapi wanaingizwa uwanjani kabla ya mapumziko. Niliacha kuhesabu.

Wiki mbili zilizopita nilimpigia mama simu. Nilikuwa nimejiandaa kwa aya na hadithi. Vyote vikanitoka. Nikamwambia tu kwamba lile neno la Ramadhani, nilimdanganya, si mwenzangu, ni mbwa jike, na ndivyo wanavyowaita wanawake katika nyimbo zile.

Alikaa kimya mpaka nikadhani salio limekwisha. Kisha akasema, "Na mimi nimemwita hivyo mama wa watu." Akataja jina la jirani. Nikamwomba msamaha. Akasema msamaha wake nimeupata, ila nitakaporudi nitakwenda mwenyewe kwa jirani, kwa miguu yangu, nimweleze kama nilivyomweleza yeye, asiambiwe na mtu mwingine. Nikasema inshallah.

Halafu akaniuliza, "Huyo anayeimba, mama yake yu hai?"

Nikamwambia sijui, waimbaji ni wengi. Akasema haya, akaniuliza kama tumekwisha anza mitihani, na kama chakula cha hosteli kimekuwa na afadhali. Tutafunga chuo baada ya wiki tatu. Spika nimemwachia mwenzangu wa chumbani. Niliifuta nyimbo zote kwanza, naye ananidai sababu.